Matairi Manne na Spea

Machame, Alhamisi, saa tisa alasiri

Manka,

Najua umekasirika. Umekwenda kumuaga mchungaji bila kunigeukia, na geti umelibamiza mpaka ng'ombe wameinua vichwa. Sawa. Mimi pia nimekasirika, tena tangu Jumanne, kwa hiyo usitegemee barua ya machozi. Nimekaa barazani na daftari lako la kidato cha nne, lile lililobaki kurasa nyingi nyeupe, na ninao muda mpaka utakaporudi tukamue.

Habari za kula, kulala, kuvaa sweta na kwenda kanisani sitaziandika. Una miaka ishirini na saba, na hospitali ya Mpanda haikukuajiri kupima damu za watu kwa sababu mama yako alikukumbusha kunawa mikono. Nataka kuandika habari za matairi, maana ndiyo tuliyogombania asubuhi, na chini ya ugomvi wetu kuna jambo ambalo sijawahi kulisema kwa kinywa changu. Nimejaribu mara tatu, zizini, wewe ukiwa umeinama na ndoo. Mara zote tatu nimeishia kuuliza kama ng'ombe ameshalishwa.

Nianze na nilichofanya, maana wewe umekikuta kimeshafanyika.

Jumatatu, ulipokuwa Moshi mjini unafuatilia vyeti, nilishuka na gari mpaka sokoni Kwa Sadala nikamwambia yule fundi wa matairi mwenye kofia ya sufi atoe ranfleti zote nne. Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa ang'oe meno mazima.

"Mama Manka, una uhakika? Hizi watu wanazitafuta. Upepo ukiisha, gari linaendelea kutembea tu."

"Najua linavyotembea. Toa."

"Zote?"

"Kwani ukichanganya na za kawaida inakuwaje?"

"Gari linayumba kwenye kona, mama."

"Basi toa zote."

Akatoa. Ukizishika zikiwa nje ya rimu ndipo unaelewa kwa nini gari lilikuwa linatugongagonga mgongo miaka yote hii. Ubavu wake ni mgumu kama ubao, umetengenezwa hivyo ili ubebe gari hata ndani kusipokuwa na upepo. Na kwa sababu hiyo waliolitengeneza gari hawakuweka spea, hawakuweka jeki, hata spana ya kufungulia gurudumu hawakuweka. Walifikiria kila kitu isipokuwa kwamba mtu anaweza kutaka kushuka. Marehemu baba yako aliyapenda matairi yale kwa hilo hasa. Alipolileta gari kutoka bandarini alizunguka nalo kijiji kizima akiwaeleza watu kwamba yeye na mambo ya pancha basi tena.

Fundi akafunga matairi manne ya kawaida, mapya, na la tano nikalichukua pamoja na rimu yake. Jeki na spana navyo nikanunua. Kisha nikamwambia akae pembeni anitazame. Nikakunja kitenge mpaka magotini, nikalitoa gurudumu la nyuma na kulifunga tena mwenyewe. Gari hili halina nati kama pikapu za watu. Lina bolti ndefu, kwa hiyo inabidi ulishikilie gurudumu kwa goti huku unatafuta tundu kwa kidole, na likikuteleza unaanza upya. Liliniteleza mara nne. Akina mama wa ndizi waliacha mikungu yao wakaja kuniangalia.

"Mama Manka, unakwenda kwenye mashindano?"

"Ndiyo," nikawajibu, "na nyie mtanishangilia."

Mara ya tano bolti ziliingia, nao kweli wakashangilia. Nilirudi nyumbani mikono imejaa grisi, moyo mweupe kuliko siku nyingi zilizopita.

Jumanne akaja Baba yako Mkubwa. Unakumbuka Jumapili, pale nje ya kanisa, alitangaza mbele ya watu kwamba anakuletea ranfleti mpya kutoka Dar, zawadi yake kwako, kwa sharti kwamba usishuke garini ovyo njiani, na kwamba mtoto wa shangazi yako ndiye aendeshe mpaka Mpanda kisha arudi kwa basi. Wewe ulipiga goti ukashukuru, "Aika, Baba." Alipofika Jumanne akaliona gari, alisimama, akalipiga tairi la mbele teke kwa ncha ya kiatu.

"Mama Manka, haya ni nini?"

"Shikamoo, shemeji. Ni matairi."

"Marahaba. Naona ni matairi. Yale ya marehemu yako wapi?"

"Bandani."

"Mae, unamtuma mtoto wa kike kwenye mapori na matairi yanayokwisha upepo?"

"Hata yale yanakwisha upepo, shemeji. Ila yenyewe yanakuacha uendelee mpaka uharibu na rimu."

"Na mwanamke akisimama peke yake porini, anatafuta nini?"

"Anabadilisha tairi."

Alicheka kile kicheko chake cha puani. Kisha akasema Ijumaa tusimsubiri, yeye hawezi kumtemea mate ya baraka mtu anayeondoka kwa kiburi namna hiyo. Nilimwuliza kama atakunywa chai, maana adabu ni adabu. Hakugeuka. Basi kama ni baraka, kesho nitakutemea mimi ukitaka. Mate ninayo, na sijasikia andiko linalosema lazima yawe ya mwanamume.

Wewe ulikuwa jikoni unasikia yote. Ulisubiri mpaka leo asubuhi ndipo ukayamwaga. "Mama, wewe ulitaka kumshinda Baba Mkubwa. Lakini atakayekuwa porini ni mimi, si wewe. Nikipata pancha baada ya Sikonge, hakuna mtu, hakuna mtandao, nishuke peke yangu?" Nami nikakujibu, "Ndiyo, shuka," kana kwamba nakutuma dukani. Hapo ndipo ulipochukua khanga ukaondoka.

Nimekaa na maneno yako tangu saa hiyo. Nusu yake ni kweli. Nilitaka kumshinda, na nimemshinda, na aibu sina. Nusu nyingine huijui, kwa hiyo vumilia uisome.

Rudi nyuma mpaka Desemba ya mwaka juzi.

Nilikuwa kwenye mwaka wa tatu wa ujane. Unajua shemeji zangu walivyotaka kulichukua gari baada ya mazishi, eti "walitunze". Niliwaambia litatunzwa na mimi, nikajifunza kuendesha nikiwa na miaka hamsini na mbili kwenye hii miteremko yetu, na mara mbili nikaingia kwenye mfereji wa kumwagilia. Desemba ile nikajipa moyo nije kukuchukua Korogwe kazini kwako mwenyewe, mimi na shangazi yako wa kunisindikiza. Nilikwambia mabasi yamejaa. Yalikuwa yamejaa, lakini ukweli ni kwamba nilitaka kuonekana. Wewe unatujua. Mchaga akirudi kihambani Desemba anataka waone amerudi vipi, na mimi nilitaka waone gari la marehemu linaingia getini na usukani nimeushika mimi.

Siku ile ilikuwa na mambo mawili. Saa sita mchana mbuzi wa ukoo alikuwa anachinjwa kwa Baba yako Mkubwa, na kila nyumba inapokea fungu lake kwa mpangilio wake. Usipokuwepo kulipokea, linakwenda kwa nyumba inayofuata, na mwaka wa pili hakuna anayekumbuka kwamba lilikuwa lako. Nyumba yetu haina mtoto wa kiume. Nilijua wakishazoea kugawana fungu la baba yako, watazoea kugawana na kihamba chake, shamba na nyumba, na mimi nitaambiwa nirudi kwetu Masama nikiwa na mvi. Niliogopa, Manka. Watu wananiona jeuri, lakini miaka ile mitatu niliogopa kila siku iliyokuja. Jambo la pili, jioni ya siku hiyo watu wa yule mchumba wako walikuwa wanaleta mbege ya posa.

Tulitoka Korogwe kulipopambazuka. Wewe mbele pembeni yangu, shangazi nyuma na kikapu chake cha machungwa. Kabla ya Same ile taa ya njano yenye alama ya tairi ikawaka kwenye dashibodi.

"Mama, tairi," ukasema. "Tusimame."

"Haya hayahitaji kusimama."

"Najua. Tusimame tu. Nina jambo nataka kukwambia."

"Si useme?"

Ukatazama nyuma alikokaa shangazi yako, ukageukia dirisha. Nililiona lile jicho. Usije ukafikiri sikuliona.

Mwanga ukaniambia tena, kwamba pale stendi kuna fundi pancha, ni dakika kumi tu. Nikasema tutachelewa. Himo ukaniambia mara ya tatu, na sauti yako ilikuwa imeshuka: "Mama, nataka kujisaidia." Nikatazama saa, nikakujibu, "Jikaze, tumekaribia." Ulikuwa mwanamke wa miaka ishirini na mitano, una kazi yako na mshahara wako, na nilikunyima kushuka kwenye gari kama mtoto wa chekechea. Huko nyuma shangazi yako alikuwa anamenya machungwa na kuyasifu matairi. "Kaka yangu alijua kununua," akasema, "wengine wangekuwa wameinama barabarani saa hizi." Mimi nimeukaza usukani unaovuta kushoto, najisemea moyoni kilomita themanini, kitabu cha gari kinasema kilomita themanini. Tulipofika Moshi tulikuwa tumeshazipita.

Kwenye kupanda kutoka Kwa Sadala tairi likaanza kumeguka vipande. Watu walisikia harufu ya mpira unaoungua kabla hawajatuona. Tukaingia kwa Baba yako Mkubwa rimu inakwaruza mawe, saa sita kasoro kidogo, na ukoo mzima ukapiga vigelegele. Akalizunguka gari mikono kiunoni akisema, "Hayo ndiyo matairi! Hayo ndiyo matairi!" Nikashuka, nikapokea fungu la baba yako kwa mikono miwili. Sijawahi kujisikia mrefu kama nilivyojisikia dakika ile. Wewe ulikuwa umeenda chooni, na ulikaa huko muda mrefu.

Jioni mbege ikaja. Wakakusimamisha katikati ya uwanja, khanga mabegani, Baba yako Mkubwa akakuuliza kama desturi inavyotaka, kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Manka, mbege hii imeletwa kwa ajili yako. Tuinywe, au wenyewe waondoke nayo?"

Hukumtazama yeye. Hukumtazama mchumba wako. Ulinitazama mimi.

Nami nikakuitikia kwa kichwa.

Ukasema, "Kunyweni." Wakanywa, na mimi nilikunywa.

Hilo ndilo nililoshindwa kulisema zizini. Agosti ya mwaka jana, ulipofika hapa kwa basi na begi moja na sikio la kushoto lisilosikia, ndipo uliponieleza kwamba kofi la kwanza yule mchumba alikupiga Novemba, kabla ya mbege. Ndilo ulilotaka kuniambia Same, na Mwanga, na Himo. Hukunilaumu. Ulieleza polepole kama mtu anayesoma majibu ya maabara, ukanywa uji, ukaenda kulala. Ningeshukuru kama ungenitukana.

Nimewaza sana kuhusu Mwanga. Tungesimama pale, shangazi yako angeshuka kutafuta samaki wa bwawa la Nyumba ya Mungu, maana haiwezekani akanyage Mwanga aondoke bila samaki. Fundi angelitazama tairi. Sisi wawili tungekaa kwenye benchi lake. Ungesema. Huenda fungu la nyama lingepotea, na huenda ningezomewa. Lakini jioni nisingekuitikia kwa kichwa. Ni dakika kumi nilizokunyima, Manka, na nilikunyima kwa sababu gari liliniruhusu.

Sisemi matairi ndiyo yenye kosa. Mguu uliokuwa kwenye mafuta ni wangu. Ila kila nikimsikia mtu anayasifu, naondoka, na tulipolitafutia lile lililoharibika mwenzake kuukuu kule Arusha nililipia nikiwa nimegeukia pembeni. Na ujue kwamba nilikuwa hivyo kabla ya gari. Baba yako alipougua, nilikaza. Alipokufa, nilikaza. Ulipotaka kurudia kidato cha pili kwa sababu hesabu zilikushinda, nilikwambia kaza, na ukalia usiku na daftari mpaka ukafaulu, na mimi nikajisifia. Watu walinisifu kwa kukaza miaka mingi mno. Nikakulea na wewe hivyo, halafu nikashangaa kwa nini ulivumilia mpaka Agosti ndipo ukapanda basi.

Unakumbuka alivyotujibu Baba yako Mkubwa tulipokwenda kumweleza. Alisema mbege ikishanywewa haitoki tumboni. Alisema wanawake wote huvumilia jambo fulani. Kisha akasema, na sitasahau nikiwa hai, kwamba sikio moja halimzuii mtu kuolewa.

Pale woga wangu wa kihamba uliisha. Sijui ulikwenda wapi, niliutafuta sikuuona. Nikamwambia, "Shemeji, kihamba kichukue leo kama unaweza kunitoa. Mimi nakwenda kupika mbege." Nikapika kweli, kwa ndizi za hapa nyuma ya nyumba, ulezi na magome ya msesewa, nikakesha nikikoroga kwa hasira mpaka ikawa kali kuliko yao. Nikalipakia pipa kwenye buti, wewe ukakaa mbele, tukazunguka mpaka Kibosho kwa wazazi wa yule mwanamume. Yule mzee wao alisimama mlangoni akasema tangu azaliwe hajaona mwanamke anarudisha mbege. Nikamwambia sasa ameona, na pipa wakishamaliza walirudishe, ni la jirani. Tulisimama njiani mara mbili siku ile. Mara moja ulitaka mahindi ya kuchoma. Mara ya pili hatukuwa na sababu yoyote, tulikaa tu tukatazama mlima ukitoka kwenye mawingu, na wewe ukacheka kwa mara ya kwanza tangu urudi.

Na kihamba kipo. Desemba iliyopita hawakututengea fungu, nami nikachinja mbuzi wangu hapa uani nikawagawia majirani, kila nyumba na mpangilio niliojitungia mwenyewe. Kahawa inachumwa, maziwa yanashuka Kwa Sadala kila asubuhi, kaburi la baba yako linafagiwa. Hakuna aliyenitoa. Wote walionitisha miaka ile bado wanakuja kuomba majani ya migomba kwa ajili ya ng'ombe wao, na ninawapa.

Sasa kuhusu pori lako. Usidhani mama yako ni jiwe. Tangu barua ya kazi ifike nimekuwa nikiliona pori la baada ya Sikonge kila nikifumba macho, wewe umepiga magoti kando ya gari na jua linazama. Naliogopa kuliko wewe. Lakini nimefikiria na ule upande mwingine. Ranfleti ingekuchukua kilomita zake themanini, kisha ingekuacha katikati bila spea, na hakuna fundi wa huko ambaye angekuwa na nyingine. Haya ya kawaida kila mwenye jeki na ndoo ya maji kando ya barabara anayajua. Na wewe utayajua, ukipenda. Kabla ya kukamua naweza kukuonyesha namna ya kulishika gurudumu kwa goti. Usipopenda sitakushika mkono.

Hata hivyo hayo ni maelezo tu. Nilichotaka kwa kweli ni kwamba taa ikiwaka, usimame. Taa ya gari au taa nyingine yoyote. Kazi ikikushinda, simama. Mtu akikuinulia mkono, simama siku hiyo hiyo, usingoje ya pili. Ukifika Singida ukaona moyo unakataa Mpanda, geuza gari urudi, na atakayeuliza umeshindwa nini atanikuta getini. Nilikuwa nimejaa maneno haya, nikayageuza kuwa matairi kwa sababu nilidhani matairi ni rahisi kusema.

Na hapo nimekosea tena. Sikukuuliza. Nilingoja uende mjini ndipo nikabadilisha, tena spea ilipokosa pa kukaa nikalishusha sanduku lako la pili bila hata kukwambia. Baba yako Mkubwa aliamua usishuke, mimi nikaamua ushuke, na wewe tukakuacha jikoni unasikiliza. Uliponiambia asubuhi kwamba utakayekuwa porini ni wewe, ulikuwa na haki, na jibu langu lilikuwa la kijinga.

Kwa hiyo sikiliza. Kadi ya gari nimeiandikisha kwa jina lako. Iko ndani ya bahasha hii. Ranfleti zote nne ziko bandani, nimezifunika kwa gunia. Fundi nimeshamwambia, anafungua saa kumi na mbili. Ukitaka zirudi, kesho tutashuka pamoja atakufungia, na mimi nitakaa kwenye benchi lake nimenyamaza, jambo ambalo fundi mwenyewe hataliamini. Ukitaka mtoto wa shangazi yako akuendeshe, mpigie simu. Ukitaka kwenda na haya niliyoyafunga, nenda. Sitakununia kwa lolote kati ya hayo. Nitaumia, lakini sitakununia.

Limebaki moja.

Leo mchana, wewe ukiwa umeshaondoka, nilikwenda kule mpakani kwenye masale. Unaijua desturi yetu: mkosaji akikuletea jani la sale lililofungwa fundo, hata awe amekukosea kiasi gani, huwezi kukataa kumsamehe. Nililikata jani moja zuri, nikalifunga fundo, nikaenda nalo mpaka kwenye gari nikuwekee kwenye kiti cha dereva. Mlango nimeshaufungua. Hapo nikasita, nikaona ninachotaka kufanya. Nilitaka kukusimamisha tena mbele ya swali lenye jibu moja, kama lile la mbege. Nikalifungua fundo, nikalitupa chini ya migomba.

Naomba msamaha kwa maneno matupu, Manka. Nilijua una jambo, na nikakuitikia kwa kichwa. Nisamehe. Usipoweza, sema hapana. Sema kwa sauti, hata mbele ya Baba yako Mkubwa, hata mbele ya ukoo wote, na safari hii usinitazame mimi kwanza.

Mama yako